Kigelegele kwa Mzazi Mwembamba

Saa moja asubuhi moto umeshakolea uani kwa Delu, na Tabawa Shehu anakoroga maji ya pipani kwa tawi la mwarobaini. Moshi unapanda juu ya ukuta wa udongo mpaka majirani wauone, na ndivyo anavyotaka. Hapa mtaa wa Rimaye, nje kidogo ya Zaria, mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye moshi wake hauonekani huhesabiwa kuwa hana watu.

Nyuma ya kiambaza cha matete ameketi Zulai, mke wa mtoto wa Delu, msichana wa miaka kumi na tisa. Leo ni siku ya kumi na sita tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Tabawa anaingia na ndoo inayofuka mvuke, anaitua, kisha anatoa mtungi aliouficha chini ya gunia na kumimina maji baridi ndani ya ndoo mpaka mvuke unakatika. Anachovya kiwiko. Yamekuwa vuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Haya, lia," anamnong'oneza.

Zulai anaguna.

"Huo ni mlio wa mbuzi aliyeshiba. Mama mkwe wako yuko hapo mlangoni, mwanangu. Lia kama mtu anayeungua."

Zulai anapiga ukelele. Tabawa anapiga tawi, maji yanaruka, na huko nje Delu anasikika akimshukuru Mungu kwamba mkwe wake anaogeshwa na mtu anayeijua kazi. Wale wawili nyuma ya matete wanaziba vinywa wasicheke.

Kicheko hakidumu. Tabawa anapomfuta Zulai miguu, kidole gumba chake kinasimama juu ya muundi. Anabonyeza, anahesabu mpaka kumi, anaachia. Nyama hairudi. Linabaki shimo la kutosha kuwekea punje ya karanga.

Anamuuliza kama analala vizuri. Zulai anasema analala ameketi, ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali pumzi inamwishia. Tangu juzi. Hajamwambia mtu. Huyu ni mtoto wa kwanza, ataanzaje kulalamika mbele ya mama mkwe?

Tabawa anamfunga kanga kifuani, anaokota ndoo yake na kutoka na uso ule ule wa kila siku. Delu anamlaki kwa furaha, anamuuliza kama ameona mkwe wake anavyonawiri.

"Nimeona," anasema Tabawa.

Ana miaka sitini na miwili, mrefu, mkavu, na ngozi ya mikono yake imebabuka mpaka viwikoni kwa mvuke wa miaka mingi. Kazi hii ya kukanda wazazi aliirithi kwa mama yake. Kwa desturi ya huku mzazi huogeshwa mara mbili kwa siku, siku arobaini, kwa maji yaliyotoka kuchemka. Hulazwa juu ya kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake, na hunywa uji wa uwele uliokolezwa magadi ili maziwa yashuke.

Malipo yake ni naira elfu kumi na tano kwa siku zote arobaini, vipande vya sabuni, na miguu ya kondoo aliyechinjwa siku ya kumpa mtoto jina. Si fedha za kumtajirisha mtu. Lakini zamani Tabawa alikuwa na kitu alichokithamini kuliko naira, nacho ni sifa.

Siku ya arobaini mzazi hutoka nje na nguo mpya. Wanawake humpigia vigelegele, na kila jicho huwa linatafuta jambo moja tu, kwamba amenenepa kiasi gani. Mzazi mnene ni heshima ya nyumba ya mume. Mzazi mwembamba ni fedheha, maana yake alinyimwa chakula.

"Nilikuwa na jina mimi," anasema Tabawa. "Wazazi wangu walitoka mashavu yamejaa, miguu imejaa, hata viatu haviwaingii. Watu walikuwa wananigombania. Sikujua kwamba ni maji."

Alijua miaka kumi na mitatu iliyopita. Binti yake wa kwanza, Laraba, alirudi kwao kujifungua kama desturi inavyotaka, na Tabawa alimwogesha kwa mikono yake. Kwa kuwa ni mwanawe, alimzidishia kila kitu. Moto ulikuwa mkubwa zaidi, maji ya moto zaidi, na magadi alimtilia kwa kiganja. Wageni waliokuja kumtazama mtoto walimsifu mama yake mpaka akaona haya.

Wiki ya tano Laraba alianza kukohoa. Walipomfikisha hospitali midomo imeshabadilika rangi, nesi aliuliza amekuwa akila nini na nani alikuwa akimhudumia. Tabawa alijibu kwa fahari, "Mimi." Anasema hakuna neno alilowahi kulitamka maishani ambalo angetamani kulirudisha kinywani kama hilo.

Kwao mama hamwiti mtoto wake wa kwanza kwa jina. Ni haya ya wazazi, na kila mtu huishika. Kwa hiyo maisha yake yote Laraba aliitwa na mama yake "wewe", au "msichana huyu", na wote wawili walijua kuwa hayo ndiyo mapenzi yenyewe.

"Pale kitandani nilimwita jina lake," anasema Tabawa. "Mara ya kwanza. Akafungua macho akanitazama, nikaona ameshtuka. Sijui alifurahi au aliniona nimekosa adabu. Hakupata nafasi ya kuniambia."

Laraba alifariki kabla ya adhuhuri. Mtoto naye hakumaliza mwezi baada yake.

Madaktari hawakumwambia Tabawa kwamba amemuua mwanawe. Walimwambia kuna wanawake ambao moyo hulegea karibu na uzazi, ukapiga bila kusukuma, na kwamba hakuna anayejua kwa hakika chanzo chake. Ila chumvi iliyomo katika magadi hukamata maji mwilini, na joto lile la moto huutwisha moyo uliochoka mzigo juu ya mzigo. Yeye katika maelezo yote hayo alisikia kitu kimoja tu. Alikwenda nyumbani, akapasua pipa lake kwa shoka, akaacha kazi.

Mwaka mzima aliuza karanga za kukaanga. Kisha akapata habari kwamba katika nyumba alizokuwa akiziogesha yeye sasa anaingia mwanamke mwingine, mwenye nguvu, anayesifiwa kwamba maji yake hayashikiki. "Nilikaa nyumbani nikidhani nimetubu," anasema. "Kumbe nimempisha mwenye moto kunizidi."

Basi akanunua pipa jipya, akarudi kazini. Safari hii alirudi na ujanja. Alijua kubishana na mama wakwe ni kazi bure, maana hata yeye asingekubali kuambiwa neno na mtu siku zile za umaarufu wake. Kwa hiyo moto aliuwasha mkubwa, ila maji aliyapoza nyuma ya matete. Makaa ya chini ya kitanda aliyakokoa watu walipotoka. Uji aliupika mwenyewe, akatia ukwaju na tangawizi nyingi ili uchome ulimi, na magadi aliyopewa akayafukia jivuni. Nao wazazi aliwafundisha kulia.

Nesi Kande wa wadi ya wanawake, yule yule aliyemuuliza lile swali, ndiye aliyemfundisha kubonyeza muundi. Kwa zaidi ya miaka kumi kidole hicho kimepeleka hospitali wazazi arobaini na watatu. Watano hawakurudi. Tabawa hajui kuandika, lakini ukimkalisha atakutajia wote, nyumba kwa nyumba, wale watano akiwataja mwisho.

Mambo haya alimsimulia mapema mwandishi wa habari hii, akaomba yasiandikwe mpaka atakapoyasema kwanza yeye mwenyewe mtaani. Baadaye, alipokwisha kuyasema, alitoa ruhusa kwa mkono. "Andika. Hata hivyo mama wakwe wa hapa hawaisomi hiyo lugha yako."

Alfajiri ya siku ya kumi na saba alirudi kwa Delu akiwa ameshaamua kusema kwamba Zulai apelekwe hospitali. Alikuwa hajajua atamwambiaje. Alimkuta Zulai chumbani na bakuli la uji, ule alioupika yeye mwenyewe jana jioni. Hajui ni nini kilichomfanya aupokee na kuuonja. Ulimi ulikutana na uchungu anaoufahamu tangu utotoni. Yalikuwa magadi, tena mengi.

Alitoka uani na bakuli mkononi, akauliza ni nani aliyetia kitu humu.

"Mimi," alisema Delu bila wasiwasi. "Uji wako siku hizi umekuwa maji ya kuoshea mchele, Tabawa. Nikasema mwenzangu amezeeka, mkono umesahau. Sikutaka kukuaibisha, nikawa naongeza wewe ukishaondoka."

Alikuwa akifanya hivyo tangu siku ya tatu, kimyakimya, kwa heshima. Hata makaa alikuwa akiyarudisha chini ya kitanda alipoona yamepoa. Mmoja alikuwa akipunguza kwa siri, mwenzake akiongeza kwa siri, na katikati yao alikuwapo Zulai, ambaye aliambiwa na wote wawili anywe amalize.

Tabawa aliweka bakuli chini, akasema yote. Alieleza habari za maji, za makaa, za ukwaju. Delu alimsikiliza kama aliyemwagiwa maji.

"Na vilio vile?" aliuliza mwishowe.

"Nilimfundisha mimi."

"Kwa hiyo nimekaa mlangoni siku zote hizi nikimshukuru Mungu, kumbe mnanicheka."

"Nigombeze kesho, Delu. Nigombeze mwaka mzima. Leo Zulai anazama, mpeleke hospitali."

Delu alimwonyesha mlango. Alimwambia asikanyage tena pale, na kwamba mtu aliyedanganya miaka kumi hawezi kuamka asubuhi moja akawa mkweli.

Aliyeokoa siku hiyo ni Zulai mwenyewe. Alichukua simu, akampigia mumewe Sagir, ambaye huuza vitunguu Ibadan, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliiweka haya pembeni. Alisema maneno mawili tu: sina pumzi. Sagir akampigia mama yake. Kesho yake asubuhi Zulai alipakiwa kwenye bajaji, akiwa ameketi wima katikati ya mito miwili.

Wadi ya wanawake ina vitanda kumi na sita na mizani moja. Kila asubuhi kabla ya chai, Nesi Kande huwapima uzito wagonjwa wake wa moyo, na huko kupungua kwa kilo ndiko kupona. Katika siku kumi na moja Zulai alipungua kilo tisa. Zote zilitoka kwa mkojo.

Kila siku Tabawa alitembea hadi hospitali, akapita saa ambazo Delu hakuwapo. Siku ya tano alimkuta Zulai amelala chali, mikono kifuani, anatazama juu.

"Nimelala, Gwaggo," Zulai alimwambia. Gwaggo ni shangazi, na ndivyo wasichana wote wa Rimaye wanavyomwita. "Nilikuwa nimeshasahau dari ina sura gani."

Nesi Kande ana miaka kumi na minane katika wadi hiyo na kumbukumbu zake ameziandika mwenyewe daftarini. Mwaka alioanza kazi walilazwa wazazi thelathini na mmoja kwa moyo kushindwa, na kumi na mmoja wakafia pale pale. Mwaka jana walilazwa sabini na wanne, wakafa tisa. Watu wanasema ugonjwa umezidi siku hizi. Yeye anadhani ulikuwepo tangu zamani, ila wengi walizikwa bila kufika kwake, ikasemwa ni kijicho au ni kudra.

Hata hivyo hataki kupongezwa kwa hesabu hiyo. "Hapa kitandani wanakufa wachache, ni kweli," anasema. "Lakini nikipiga simu baada ya miezi sita kujua hali, katika kila tano moja inapokewa na mtu mwingine. Kifo hakijapungua sana. Kimehamia nyumbani, na huko hakuna daftari."

Zulai aliruhusiwa siku ya ishirini na tisa ya uzazi wake. Alipewa vidonge vya aina nne, kama naira elfu kumi na mbili kwa mwezi, na Sagir alituma fedha bila kunung'unika. Aliambiwa asiguse magadi, asilale juu ya moto, arudi baada ya wiki mbili. Alitoka kwa miguu yake, mwembamba, macho makubwa, mzima.

Huo wembamba ndio uliomponza.

Wageni waliokuja kumpa pole walisimama mlangoni wakashika midomo. Mmoja aliuliza kama huku wanakula mara moja kwa siku. Siku ya thelathini na moja alikuja mama yake Zulai kutoka kijijini, akamshika mwanawe mkono, akaupima kwa vidole viwili, akaanza kulia. Kisha akamgeukia Delu mbele ya watu.

"Niliwapa binti," alisema. "Mmenirudishia mifupa."

Delu si mwanamke mkatili, na anayesoma habari hii akidhani hivyo atakuwa hajamwelewa. Ni mjane aliyelea watoto watano kwa kukaanga kosai, maandazi ya kunde, kando ya barabara, na hakuwahi kusemwa na mtu kwa uchoyo. Maneno yale yalimkata. Aliona kwa macho yake kwamba vidonge ndivyo vinavyomkojolesha mkwe wake mwili wote, na aliona siku ya arobaini inakuja. Akavifungia vidonge katika kopo la maziwa ya unga, akaweka chungu cha uji jikoni, akatafuta mwanamke mwingine wa kuogesha.

Zulai hakubisha. Alikuwa ameshasema maneno mawili mara moja, na aibu yake ilikuwa bado inazungumzwa mtaani.

Mwili ukarudi, tena upesi. Siku ya thelathini na sita mama yake alikuja tena, akamkuta na mashavu, akacheka, akamwomba Delu radhi. Wanawake wale wawili walikumbatiana uani. Nguo mpya za siku ya arobaini ilibidi zifumuliwe ubavuni.

Tabawa aliipata habari hiyo sokoni, kwa mwuza pilipili, aliyempa kwa nia njema kabisa: yule mtoto wako wa kwa Delu amerudi mwili wake. Aliacha kikapu palepale, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Delu, akasimama katika chumba cha mlangoni ambacho mgeni husubiri mpaka akaribishwe.

Alibisha hodi. Delu alijibu kutoka ndani kwamba huyu hapa hahitaji kuogeshwa leo. Tabawa alimsikia Zulai akikohoa, kikohozi kile kifupi cha maji, alichokisikia kwa Laraba. Alisimama. Alibisha tena, sauti chini, kama mtu mwenye adabu. Hakujibiwa. Kisha aligeuka akaenda zake.

Hapa ndipo anaposhindwa kuendelea kila anaposimulia. Hutafuta ncha ya mtandio, akaikunja, akaikunjua.

"Ningepiga kelele," anasema. "Ningelala pale chini nipige kelele mpaka mtaa ujae. Miaka kumi nimewafundisha watoto wa watu kupiga kelele za uongo, na siku ya kelele ya kweli mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimefukuzwa, nikaona vibaya kulazimisha."

Zulai alifariki siku ya thelathini na nane, Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini. Alikufa ameketi, ameegemea ukuta. Mtoto alikuwa amelala ubavuni pake na hakuamka. Wanawake waliomwosha maiti walisema alikuwa mzito, na walisema kwa sifa.

Siku ya kumi na moja baada ya mazishi Delu alikwenda nyumbani kwa Tabawa. Hakubisha hodi. Aliingia akaketi kwenye mkeka, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalifungua na kuvipanga vidonge chini, karatasi moja baada ya nyingine. Vilikuwa karibu vyote.

Tabawa anakumbuka kwamba alitamani kumpiga, na kwamba alitamani pia kumshika mkono, na hakufanya lolote kati ya hayo kwa sababu alimwona Delu amekuwa mzee katika wiki mbili. Mwishowe Delu alivuta kanga yake mpaka magotini.

"Nionyeshe mnapobonyeza," alisema.

Tabawa akakichukua kidole gumba cha mwenzake, akakiweka juu ya muundi wa Delu mwenyewe. Wakahesabu pamoja mpaka kumi. Delu akaachia, akatazama nyama ikirudi mahali pake, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuna mtu aliyemfundisha.

Mtoto wa Zulai yuko hai. Ananyonyeshwa na mke wa kaka yake Sagir, na Delu humbeba mgongoni popote aendapo. Siku hizi anakokwenda ni pamoja na nyumba anazoogesha Tabawa.

Mtungi hauingii tena chini ya gunia. Tabawa humimina maji baridi uani mbele ya watu wote, na humwita mama mkwe aje achovye mkono. Wengi hukasirika. Nyumba nne zimeshamwondoa tangu wakati huo, na kipato chake kimepungua karibu nusu, hata amerudia kukaanga karanga. Lakini palipo na mama mkwe anayebisha, Tabawa hukaa pembeni, na Delu ndiye anayesimama na mtoto mgongoni.

Maneno yake hayabadiliki, na huyasema bila kuinua sauti. "Mnamwona huyu? Mama yake nilimnenepesha mimi, mpaka akanifia. Watu walinisifu."

Mara nyingi hapo ubishi huisha. Wakati mwingine hauishi, na wao wawili huondoka, wakarudi kesho, wakabisha hodi tena. Tabawa anasema hageuki tena mlangoni kwa mtu.

Wiki hii anayeogeshwa ni Ramlatu, mke wa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Siku ya kumi na mbili muundi wake ulibaki na shimo, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akalazwa siku tisa. Vidonge vyake vimening'inizwa ukutani kwenye mfuko wa plastiki ambapo kila aingiaye anaviona. Jumamosi anatimiza arobaini. Ni mwembamba sana, na mama mkwe wake ameanza kuuliza kama haitafaa asitoke nje safari hii, wamfanyie sherehe ndani kwa ndani.

Tabawa amekataa. Anataka atoke mchana, kwa mlango mkubwa, na nguo iliyopunguzwa ubavuni. Akiulizwa anatarajia nini maishani kwa umri alio nao, hazungumzii nyumba wala Makka. Anasema anataka kabla hajafa amwone mzazi mwembamba akishangiliwa Rimaye.

"Jumamosi nitapiga kigelegele mimi wa kwanza," anasema. "Wasipoitikia nitapiga tena. Nitapiga mpaka waitikie."

Delu, aliyeketi upande wa pili wa moto akimsogeza mtoto mgongoni, anasema ataitikia yeye.